Amefungwa Mechi Mbili, na Bado Yumo



Jumapili ijayo, tarehe 23 Novemba 2025, ni Sherehe ya Kristo Mfalme. Ndiyo Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Wiki inayofuata, tarehe 30, tunaanza Majilio. Maana yake tuko kwenye siku zile za kufunga hesabu. Nilikuwa nimeandaa somo la kawaida kuhusu Kristo Mfalme, ila jambo lililotokea hapa kwetu Kalinzi limenifanya niliweke pembeni na kuandika hili. Mhusika amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nitamwita "ndugu yetu" tu.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Yohane 21:1-19. Soma taratibu, kisha urudi hapa.

Kilichotokea

Jumapili ya tarehe 9 Novemba, ndugu yetu hakuonekana kanisani. Ni mwanakwaya, anaimba besi, na si mtu wa kukosa. Jumatano kwenye jumuiya hakuja. Alhamisi jioni nikamfuata nyumbani, nikamkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye shina la mgomba uliokatwa, simu imezimwa. Nikamsalimu, akaitikia bila kuniangalia.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unaumwa?"

"Siumwi, kaka. Mimi basi tena. Mwaka huu nimeufeli."

Kidogo kidogo akasema. Mama yake alikuwa amepokea malipo ya pili ya kahawa. Akampa shilingi 180,000 amtunzie kwenye simu, kwa sababu simu ya mama ni ya kushikashika haikai na chaji. Hela hiyo ilikuwa ya sare, godoro na sanduku la mdogo wao wa kike anayesubiri kuanza kidato cha kwanza Januari. Ndugu yetu akaona aizungushe kidogo. Akasuka mkeka wa mechi nne: tatu za mpira wa miguu na ya nne tenisi ya wanawake. Zile tatu zikakubali. Ikabaki fainali ya tenisi, Jumamosi usiku, huko Riyadh, Saudi Arabia. Alikuwa amempa Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia. Sabalenka akafungwa na Elena Rybakina wa Kazakhstan, 6-3, 7-6, na ile taibreki ya mwisho akafungwa pointi saba bila.

"Saba bila, kaka," akaniambia. "Hata moja hakupata. Nikaona kabisa Mungu ananicheka."

Nikamuuliza kama mama anajua. Hajui. Nikamuuliza kama atakuja kuungama. Hapo ndipo akasema neno lililonifanya niandike somo hili: "Kwenda kuungama kwa ajili gani? Kwaresima niliungama nikaahidi sitabeti. Juni nikabeti, nikaungama. Sasa hii. Mkeka umechanika, kaka. Mechi moja ikikosa, mkeka wote ni takataka."

Vijana wenzangu, wangapi kati yetu tunafikiri hivyo kuhusu roho zetu? Labda si kubeti. Labda ni pombe, ni picha chafu, ni mahusiano, ni mtihani wa kidato cha nne uliokutupa, ni mimba ambayo hukuipanga. Unaangalia mwaka wako, unaona pale ulipokosea, unasema: basi, umechanika wote.

Sikumjibu kwa Katekisimu siku ile. Nilimjibu kwa tenisi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imemuumiza. Na nyie nawaeleza hivyo hivyo.

Mashindano yenyewe yakoje

Wengi wetu huku hatujawahi kushika raketi. Tunaujua mpira wa miguu, netiboli, na wavulana wa bandarini wanajua kuogelea. Kwa hiyo tuanzie chini.

Tenisi ya wanawake wa kulipwa ina msimu kama kahawa. Unaanza Januari kule Australia na kwenda hadi Oktoba na Novemba. Kila mashindano mchezaji anayocheza anapata alama kulingana na alivyofika mbali. Alama zinajumlishwa. Mwisho wa msimu, wanane wenye alama nyingi kuliko wote ndio wanaoalikwa kwenye mashindano ya kufunga mwaka, pamoja na jozi nane za wale wanaocheza wawili wawili. Ndiyo hayo yanayoitwa Fainali za WTA. WTA ni chama cha wachezaji tenisi wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1973 wakiongozwa na Billie Jean King wa Marekani. Miaka mitatu kabla, mwaka 1970, yeye na wenzake wanane walikuwa wamesaini mikataba ya dola moja moja huko Houston, kwa sababu zawadi za wanawake zilikuwa ndogo mno ukilinganisha na za wanaume. Walianza na dola moja. Mwaka huu bingwa wa Riyadh ameondoka na zaidi ya dola milioni 5.

Mashindano hayo ya kufunga msimu yalichezwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Boca Raton, Florida. Aliyeshinda alikuwa binti wa miaka 17, Chris Evert, Mkatoliki aliyesoma shule ya sekondari ya Mtakatifu Thomaso wa Akwino kule Fort Lauderdale.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye somo. Mashindano mengi ya tenisi ni ya mtoano: ukifungwa leo, kesho uko kwenye ndege. Fainali za WTA haziko hivyo. Wale wanane wanagawanywa makundi mawili ya watu wanne. Kila mmoja anacheza na wenzake watatu wote wa kundi lake. Wawili wa juu wa kila kundi wanaenda nusu fainali. Kwa hiyo mtu anaweza kufungwa na bado yumo. Anatoka uwanjani analia, anaoga, analala, na keshokutwa jina lake linaitwa tena.

Kwenye mkeka, kosa moja linaua yote. Kwenye makundi, kosa moja ni mechi moja.

Aliyefungwa mara mbili

Ndugu yetu akasema, "Sawa kaka, lakini mimi nimefungwa zaidi ya mara moja." Nikamsimulia habari ya Dominika Cibulková.

Ni mwanamke wa Slovakia. Ni mfupi, ana kama sentimita 161, na kwenye tenisi ya siku hizi wachezaji wengi ni warefu wenye kupiga mipira kwa nguvu. Mwaka 2016 alifuzu kwa Fainali za WTA kwa mara ya kwanza. Zilichezwa Singapore. Mechi ya kwanza akakutana na Angelique Kerber wa Ujerumani, namba moja wa dunia, aliyekuwa amebeba ubingwa wa Australia na wa Marekani mwaka uleule. Cibulková akafungwa seti mbili kwa moja. Mechi ya pili akakutana na Madison Keys wa Marekani. Akafungwa tena, safari hii seti mbili bila: 6-1, 6-4.

Mechi mbili, zote kafungwa. Ungekuwa wewe ungefungasha.

Mechi ya tatu akamkuta Simona Halep wa Romania. Akamshinda seti mbili bila. Na Kerber naye akamshinda Keys. Sasa kundi likawa hivi: Kerber ameshinda zote tatu, na hao wengine watatu, Cibulková, Halep na Keys, kila mmoja ana ushindi mmoja. Nani anaenda nusu fainali? Kanuni inasema watu watatu wakilingana hivyo, tunahesabu seti. Halep alikuwa ameshinda seti 2 kati ya 6. Keys naye seti 2 kati ya 6. Cibulková alikuwa na seti 3 kati ya 7.

Ile seti ya tatu aliipata wapi? Aliipata kwenye mechi ya kwanza, ile aliyofungwa na Kerber. Siku ile alishindwa, lakini katikati ya kushindwa aliipigania seti moja akaichukua. Usiku ule seti hiyo haikumsaidia kitu. Kwenye matokeo iliandikwa kwamba amefungwa, basi. Siku chache baadaye ndiyo iliyomvusha.

Akaingia nusu fainali na Svetlana Kuznetsova wa Urusi. Akafungwa seti ya kwanza 6-1, akageuza, akashinda. Tarehe 30 Oktoba 2016 akacheza fainali na yuleyule Kerber aliyemfunga mwanzoni. Akamshinda 6-3, 6-4. Bingwa wa kufunga mwaka, mtu aliyefungwa mechi mbili za kwanza.

Ndugu yetu alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa mimi seti yangu ni ipi?"

Hilo ndilo swali. Lishike, tutalirudia.

Majirani zetu wawili

Mtu asidhani habari hizi ni za wazungu tu. Kuna Angella Okutoyi, jirani yetu wa Kenya. Mama yake alifariki baada ya kujifungua mapacha, yeye na dada yake, na bibi yao ndiye aliyewalea, Nairobi. Mwaka 2022, kwenye mashindano ya vijana ya Wimbledon, alicheza wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kwenye fainali walifungwa seti ya kwanza 6-3. Wakashinda ya pili 6-4. Wakaenda kwenye pointi za kuamua, wakashinda 11-9. Kwa tofauti ya pointi mbili tu, msichana aliyelelewa na bibi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji kwenye moja ya mashindano yale manne makubwa ya dunia.

Na mmoja wa wale Wakanada wawili waliofungwa upande wa pili wa wavu siku ile ni nani? Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Kongo hiyo hiyo ambayo siku ya hewa safi, ukisimama Ujiji ukaangalia ng'ambo ya ziwa, unaiona milima yake. Mboko alifungwa 11-9 akiwa binti mdogo. Je, mkeka wake ulichanika? Agosti mwaka huu, akiwa na miaka 18, alimfunga Naomi Osaka kwenye fainali kule Montreal, baada ya kupoteza seti ya kwanza. Na Oktoba akafungwa na Rybakina huko Tokyo, ushindi uliompa Rybakina nafasi ya mwisho ya kwenda Riyadh. Rybakina huyo aliyeingia wa mwisho ndiye akatoka bingwa.

Aliyefungwa jana ameshinda leo, na aliyeshinda leo atafungwa kesho. Msimu ni mrefu kuliko usiku mmoja wa Jumamosi.

Lakini Mungu si karani wa mizani

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu mfano ukiubeba vibaya utakupotosha.

Huku Kalinzi tunapopeleka kahawa kwenye mizani, karani anaandika kilo zako kwenye daftari na kukupa stakabadhi. Mwisho wa msimu unalipwa kwa kilo zilizoandikwa. Hakuna kilo, hakuna hela. Kuna vijana wanafikiri mbinguni ni hivyo: Misa nilizohudhuria toa dhambi nilizotenda, kinachobaki ndicho changu. Hapana. Tungehesabiwa hivyo nani angebaki? Soma mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16. Wale wa saa kumi na moja walilipwa sawa na waliokuja alfajiri. Hiyo si hesabu ya karani. Ni wema wa mwenye shamba. Wokovu ni zawadi, hatuununui kwa alama.

Sasa ile seti moja ya Cibulková inatufundisha nini, kama si alama? Inatufundisha kwamba jema dogo unalolifanya siku uliyoanguka halipotei machoni pa Mungu. Yule mjane alitia sarafu mbili ndogo kwenye sanduku la hekalu, na Yesu akaziona (Marko 12:41-44). Siku umeanguka, halafu usiku unapiga ishara ya msalaba kabla ya kulala ingawa unaona aibu: ameiona. Umelewa, lakini umekataa kumpiga mdogo wako: ameona. Hilo si la kukufanya ujivune. Ni la kukuonyesha kwamba neema bado inafanya kazi ndani yako, kwamba mkono wako haujaachiwa. Kijana aliyeanguka akiamini kwamba hakuna jema lililobaki ndani yake, hataona sababu ya kuinuka. Shetani analijua hilo. Anaanza kwa kukuambia "ni kidogo tu, haina shida," na ukishaanguka anageuza wimbo: "umeshaharibu vyote."

Petro na Yuda

Turudi kwenye Yohane 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha, hawajapata kitu. Watu wa ziwani mnaelewa vizuri kuliko mimi wa mlimani: karabai zimewaka usiku kucha, mafuta yameisha, na asubuhi mtumbwi ni mweupe, hakuna hata dagaa wa kuonja. Katika asubuhi ya namna hiyo ndipo Yesu anasimama ufukweni, amewasha moto, ana samaki na mkate.

Mbele ya moto huo anakaa Petro. Na Petro mara ya mwisho alipoota moto wa makaa, uani kwa kuhani mkuu, alimkana Yesu mara tatu (Yohane 18:15-27). Mechi tatu, kafungwa zote tatu, tena baada ya kuahidi mbele ya wenzake kwamba hata wote wakimwacha yeye hatamwacha. Sasa Yesu anamuuliza mara tatu kama anampenda. Hamsomei orodha ya makosa. Anampa kazi: alishe kondoo.

Siku zile zile kulikuwa na mwingine aliyeanguka. Yuda naye alijuta. Mathayo 27:3-5 inaeleza kwamba alirudisha hata zile fedha. Lakini alibaki peke yake na dhambi yake, akakata tamaa, akajimaliza. Hatumhukumu Yuda, hukumu ni ya Mungu. Ila tujifunze tofauti. Petro alilia, lakini alirudi kwa wenzake. Alikuwa kwenye mtumbwi pamoja na wengine sita. Alipoambiwa ni Bwana, aliruka majini akaogelea kumfuata.

Hiyo ndiyo seti ya Petro: alirudi kukaa na wenzake, akaruka majini.

Kijana unayesoma hili umejifungia ndani, simu umezima, huna mpango wa kurudi jumuiya: usikae peke yako na dhambi yako. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwambie mtu. Padre, katekista, mama mkubwa, rafiki, mganga wa zahanati. Yeyote. Aibu inapita, wewe tunakuhitaji.

Kuhusu kubeti, tuseme wazi

Kuna watakaosema, "Kaka mwandishi, kwani kubeti ni dhambi?" Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki. Inakuwa mbaya pale inapomnyima mtu kile anachokihitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, na inatahadharisha kwamba tamaa yake inaweza kugeuka utumwa. Sasa jipime. Hela ya godoro la mdogo wako ni hitaji au si hitaji? Ukiamka saa tisa usiku kuangalia matokeo ya mechi ya watu usiowajua, katika mchezo usiojua hata kuhesabu pointi zake, wewe ni huru au ni mtumwa?

Ndugu yetu alicheka kidogo nilipomuuliza kama anajua kwa nini pointi za tenisi zinakwenda 15, 30, 40. Hajui. Amepoteza hela ya mama yake kwa mchezo asioujua.

Na kuna jambo la pili. Huruma ya Mungu haifuti deni la mama. Katekisimu, namba 1459, inasema dhambi nyingi zinamdhuru jirani, na ni lazima tufanye yanayowezekana kurekebisha, mfano kurudisha kilichoibwa. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani. Alisimama akasema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Kuungama bila nia ya kurudisha ni kutaka kushinda bila kuingia uwanjani.

Alichofanya ndugu yetu

Siku ile nilimwambia: "Seti yako ni hii. Kabla ya Jumapili, mwambie mama. Jumamosi, nenda ukaungame. Mengine yatafuata." Akasema ya kuungama afadhali, ya mama hawezi. Nikamwambia nitakaa mlangoni, sitaingia.

Ijumaa jioni alimwambia. Mama hakupiga kelele. Alikaa kimya muda mrefu, akiendelea kuchambua maharage. Halafu akasema, "Sasa mwenzio atalala chini?" Basi. Hilo tu. Ndugu yetu aliniambia kwamba afadhali angechapwa.

Asubuhi yake mama alimwamsha saa kumi na moja, akampa jembe. Tangu siku hiyo anakwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na mama ndiye anayepokea hela. Ile programu ya kubeti ameifuta kwenye simu, na laini ya pesa sasa inakaa kwa mama. Jumamosi aliungama. Jumapili ya tarehe 16 alikuwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma, anaimba kwa sauti ndogo. Bado anadaiwa. Mpaka leo ninapoandika hajafika hata nusu, na Januari haiko mbali. Sisi wa jumuiya tunaangalia namna ya kusaidia lile godoro, bila kumwondolea yeye jukumu lake.

Sijui kama hatabeti tena. Naye hajui. Ninachojua ni kwamba yumo.

Baba Mtakatifu wetu Leo XIV naye ni mpenzi wa tenisi, huwa anacheza mwenyewe. Tarehe 15 Juni mwaka huu, kwenye Misa ya Jubilei ya wanamichezo, alieleza kwamba neno ambalo Waitaliano wanalitumia kumshangilia mchezaji ni lile lile linalomaanisha "toa". Nimelipenda. Sisi tunapomshangilia mwenzetu aliyeanguka, tusiishie kupiga kelele za "jipe moyo!" Tumpe kitu pia. Muda wetu, mlango wa kukaa wakati anaongea na mama yake, kibarua, godoro.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Ni lini mwaka huu umejiambia "mkeka umechanika", ukaacha hata yale mema uliyokuwa unafanya?
2. Petro na Yuda wote walijuta. Kwa nini mwisho wao ukawa tofauti? Sisi kama jumuiya tunawasaidiaje vijana wafuate njia ya Petro?
3. Kuna mtu unayedaiwa naye kutokana na kosa lako, awe anajua au hajui? Hatua ya kwanza ya kurudisha ni ipi?
4. Vijana wangapi wa kigango chenu hawajaonekana mwezi huu? Nani atamfuata nani?

Azimio la wiki

Kabla ya Jumapili ya Kristo Mfalme, kaa dakika kumi na daftari. Ukurasa mmoja andika pale ulipofungwa mwaka huu, bila kujificha. Ukurasa wa pili andika "seti" zako: mema madogo ambayo neema ilikusaidia kufanya hata siku mbaya. Ukurasa wa kwanza upeleke kwenye kitubio. Wa pili upeleke mbele ya Ekaristi, ukaseme asante.

Sala

Bwana Yesu, Mfalme wetu, uliyewasha moto ufukweni ukamngojea Petro, tungojee na sisi. Tumeahidi mengi na tumeanguka mara nyingi. Usituache tukae peke yetu na aibu yetu. Tupe ujasiri wa kusema ukweli kwa mama na baba zetu, nguvu ya kurudisha tulichochukua, na moyo wa kumfuata mwenzetu aliyejificha. Mwaka huu unapofungwa, tukutwe bado tumo. Mama Maria, utuombee. Amina.

Tuonane wiki ijayo, tukianza Majilio. Na kama una rafiki aliyejifungia ndani, usimtumie somo hili tu. Nenda ukamgongee mlango.